Onyo Lililopelekwa Ziwa

Nur aliletwa kwa Angeline Adero akiwa na damu ya mtu mwingine iliyokaukia kwenye mikono ya shati lake. Dada yake Dahabo, mwenye duka la vitambaa na masufuria karibu na soko kuu la Eldoret, alimshika kiwiko akamkalisha kitini, kisha yeye mwenyewe akabaki amesimama mlangoni kama askari wa zamu.

"Mama, amepiga mtu," Dahabo alisema. "Huko gereji. Fundi alimshika bega kutoka nyuma, anataka tu kumuuliza habari ya breki. Huyu akageuka na spana ya magurudumu. Amempiga usoni, akaanguka, bado anampiga. Watu wakamrukia ndiyo akaacha. Daktari Ogola ametuambia tuje kwako."

"Fundi yuko hai?"

"Yuko hai. Lakini taya imevunjika. Ahmed, mwenye lori analoendesha huyu, ameenda kuwabembeleza watu wake wasifike polisi."

Nur alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye macho mekundu ya mtu asiyelala. Vidole vyake vilikuwa vimefumbatana kana kwamba spana bado imo humo.

Kituo cha ushauri kilikuwa vyumba viwili nyuma ya kanisa. Angeline alikuwa ameuguza wagonjwa miaka mingi huko kwao Kendu Bay kabla ya kumfuata mume wake, mwalimu, hadi Eldoret. Kanisa lilimpeleka Nairobi akasomea ushauri, akarudi na mtindo wake mwenyewe. Aliwamiminia watu chai. Aliwatembelea majumbani. Mtu akilia, alilia naye. Siku hiyo alimpa Nur chai ya maziwa, akasogeza kiti karibu, lakini si nyuma yake, na akamwambia maneno aliyokuwa akimwambia kila mtu:

"Ndugu yangu, hapa ni mahali pa amani. Neno lako linaishia hapa. Halitoki."

Nur aliinua macho. "Hata kwa serikali?"

"Hata kwa mume wangu."

Hakuzungumza siku hiyo. Wala aliporudi mara ya pili. Mara ya tatu alikuja peke yake, mvua ikipiga mabati kwa nguvu, na huenda zile kelele ndizo zilizomfungua.

Alisema kwamba mwaka uliopita, kule kaskazini, wanajeshi walizunguka mji wao wakati watu wanaamka. Operesheni, waliiita. Wanaume wote walitolewa nje, wakavuliwa nguo, wakalazwa kifudifudi kwenye changarawe juani. Hakuna maji. Anayeinua kichwa anapigwa. Nur alilala ubavuni mwa mdogo wake, kijana ambaye ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kuota. Jua lilipozidi, mdogo wake akaomba maji. Aliomba kwa Kiswahili, kwa adabu, kama walivyofundishwa shuleni.

"Sajini akaja," Nur alisema. "Akamwambia, simama nikupe. Akasimama. Nikasikia kitako cha bunduki. Mama, umewahi kusikia mtu akipasua boga? Akaanguka juu ya mkono wangu. Hakufa. Alikuwa anakoroma. Sajini akaendelea. Mimi nililala hapo, uso kwenye mchanga, na sikuinua kichwa. Damu yake iliingia kwenye sikio langu. Alipomaliza, yule sajini akanishika bega kutoka nyuma, akaniuliza, 'Na wewe, una kiu?' Nikasema hapana, afande."

Angeline alitaka kumshika mkono, akakumbuka fundi wa gereji, akauacha mkono wake juu ya meza.

"Nikasema hapana, afande," Nur alirudia, na hapo ndipo alipolia, kilio kisicho na sauti, mdomo wazi.

Baadaye, alipojifuta uso, alitulia kwa namna ambayo Angeline hakuipenda.

"Nimemwona," alisema. "Amestaafu. Jina lake Musimbi. Yuko kule sokoni Ziwa, ana mashine ya kusaga unga. Nimebeba magunia kutoka mlangoni pake, akanihesabia mwenyewe. Hakunijua hata kidogo. Siku ya soko inayokuja tutarudi kupakia mahindi. Mashine inapiga kelele sana. Hata akilia hakuna atakayesikia. Nitamuua na ile spana."

"Nur, hiyo ni hasira inazungumza."

"Hapana, Mama. Hasira ilikuwa gereji." Akatabasamu kidogo. "Tangu niamue, nalala. Wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa. Asante."

Akanywa chai yake yote, akatoka mvuani.

Jeconia Ogola alifika kituoni kesho yake. Alikuwa mwanasaikolojia pekee katika hospitali ya mji, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, aliyesoma ng'ambo miaka mingi na kurudi na mizigo ya vitabu. Kamati ya kanisa ilikuwa imewaomba wawili hao wakae pamoja, walinganishe kanuni za maadili za wanasaikolojia na zile za washauri wa kanisa, watoe kanuni moja ya kituo. Kazi hiyo walikuwa wameifanya kwa utani kwa majuma kadhaa. Jeconia alimcheka kwa kula ugali nyumbani kwa wateja. Kanuni zake zilikataza hata kupokea yai kutoka kwa mgonjwa. Angeline alimcheka kwa kuwaita watu wateja, kama mwenye duka.

Siku hiyo Angeline hakucheka. Alifungua moja kwa moja sehemu ya siri.

"Soma yako," alisema.

"Siri ya mteja italindwa," Jeconia alisoma, akitafsiri polepole, "isipokuwa pale ambapo kuilinda kunaleta hatari ya wazi kwa mteja au kwa mtu mwingine. Hapo mtaalamu atawaarifu wanaohusika. Na mteja akifa, siri yake haifi, italindwa vilevile. Yako inasemaje?"

"Siri ni amana. Haitolewi ila kwa ridhaa ya aliyeiweka." Akageuza ukurasa. "Basi. Juu ya wafu haisemi kitu."

"Na hatari?"

"Haisemi kitu."

Jeconia aliweka karatasi chini. Alikuwa akipenda kumwita nyaminwa, dada yetu, kwa Kijaluo cha nyumbani, na alimwita hivyo sasa, bila utani. "Nyaminwa, ni nani?"

"Siwezi kukuambia."

"Ni yule Msomali niliyemtuma kwako."

Angeline alitazama dirishani. Nje mlinzi wa kanisa alikuwa akifagia maji ya mvua.

"Tuseme kuna mtu," alisema hatimaye, "na tuseme amekusudia kuua mtu mwingine, na anajua siku na mahali. Kitabu chako kinasema niende kwa nani?"

"Kwa anayetishiwa. Au polisi."

"Polisi gani, Jeconia?"

Wote wawili walijua. Mtu kutoka kaskazini, anayenong'ona habari za operesheni na kutaja sajini kwa jina, akiingia kituo cha polisi mwaka ule asingetoka kwa miguu yake. Pengine asingetoka kabisa.

"Kitabu chako kiliandikwa mahali ambapo mtu akipiga simu, polisi wanakuja kuzuia," Angeline alisema.

"Na chako kiliandikwa na watu wasiowahi kuletewa muuaji," Jeconia alijibu kwa ukali. "Ukinyamaza na mtu akapasuliwa kichwa, utamwambia Mungu ulikuwa unatunza amana?"

Waligombana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Jeconia alisema, kwa sauti ya chini, kwamba kama ni yeye angemwonya anayetishiwa, asitaje jina, amwambie tu aondoke kwa muda. Hapo maisha yameokolewa na siri imebaki nusu. Angeline alilishika neno hilo kama mtu aliyetupiwa kamba mtoni.

Alijaribu kumwona Nur kwanza. Alimkuta dukani kwa Dahabo, akila pasta na ndizi, dada yake akimtazama kwa furaha kwa sababu hamu ya chakula ilikuwa imerudi. "Mama umemponya!" Dahabo alisema, akamfungia Angeline kipande cha kitambaa cha maua bila kukubali kukataliwa. Nur alimtazama Angeline juu ya sahani kwa macho ya rafiki. Angeline alikuwa amekuja na maneno ya kumwambia kwamba atamwonya Musimbi. Angeyasemaje mbele ya dada mtu? Alijiambia atampata faraghani. Lakini Nur alisafiri na lori kwenda Kitale, na siku ya soko ikafika.

Asubuhi ile aliomba pikapu ya kanisa, akaiendesha mwenyewe kuelekea Ziwa. Barabara ilikuwa tope. Pande zote mahindi yalikuwa yamesimama makavu yakingoja kuvunwa, na wakulima wenye mikebe ya maziwa kwenye baiskeli walimpungia mkono kwa kuwa waliijua ile pikapu.

Mzee Musimbi alikuwa mlangoni pa mashine yake, mtu mnene, unga umemtanda hadi kwenye kope. Nyuma yake mkanda ulizunguka na ngurumo ikatetemesha ukuta wa mabati. Mjukuu wa kike alikuwa amekaa juu ya gunia akila muwa. Angeline alikuwa amejiandaa kumchukia. Badala yake alimwona mzee akimfuta mtoto mdomo kwa kidole gumba, na jambo hilo likamchanganya kabisa.

Walisogea pembeni ili wasikizane.

"Mzee, sitakuambia nimejuaje," Angeline alisema. "Naomba uondoke leo. Nenda kwa watu wako huko Kakamega kwa muda. Mchukue na mtoto. Kuna mtu ana jambo na wewe la zamani."

Musimbi alimkodolea macho. "La zamani lipi?"

"Unalijua wewe."

"Nimekuwa jeshini miaka mingi, mama. Mambo ni mengi." Akakung'uta unga kwenye kope. Kisha akauliza, taratibu: "Ni Msomali?"

Angeline alijaribu kuuzuia uso wake usiseme kitu. Lakini alichelewa kupumua, na mzee alikuwa amewahoji watu wengi maishani mwake.

"Asante," Musimbi alisema. "Umefanya jambo la Kikristo. Kaa hapa kivulini. Ngoja nifunge mashine niondoke."

Akaleta kiti. Angeline alikaa, akiona mzigo umemtoka. Alimwona mzee akimnong'oneza mfanyakazi wake, na mfanyakazi akienda mbio upande wa sokoni. Akadhani ameenda kutafuta gari. Mashine ilizimwa. Ukimya uliingia ghafla, ukafuatwa na kelele za soko, mbuzi na wanawake wanaotangaza viazi. Mjukuu akapelekwa ndani. Kisha walitokea vijana wa chama tawala, wale waliozoea kusimamia vikao vya chifu wakiwa na rungu, wakasimama kando ya ukuta bila kusema na mtu. Hapo ndipo Angeline alipoinuka.

"Mzee, si umesema unaondoka?"

"Niondoke kwangu?" Musimbi alisema bila kumtazama. Alikuwa akiangalia barabara. Lori la Ahmed lilikuwa linakata kona.

Angeline alikimbia. Alikimbia kuelekea lori akipunga mikono, lakini tope lilimshika viatu, na Nur alipomwona alidhani anamsimamisha kwa salamu. Alizima injini, akafungua mlango, akaruka chini. Mikono yake ilikuwa mitupu. Angeline alikumbuka jambo hilo siku zote baadaye: mikono ilikuwa mitupu, na mmoja ulikuwa umeinuliwa kumsalimu.

"Mwizi!" Musimbi alinguruma kwa sauti ya uwanja wa gwaride. "Shifta! Shifta ana bunduki kwenye lori! Mkamateni!"

Jiwe la kwanza lilimpata Nur begani. Aligeuka kuona limetoka wapi, na rungu likamkuta usoni. Soko lote lilitapika watu. Wengi wao hawakujua habari yoyote. Walisikia mwizi, wakasikia shifta, jina la majambazi wa kaskazini, na hayo mawili yalitosha. Walikuja na mipini ya majembe, na mawe, na mmoja alikuja na mzani wa chuma aliokuwa akipimia maharagwe. Nur alijaribu kurudi kwenye lori, wakamvuta kwa miguu. Kichwa chake kiligonga kibati cha kupandia. Akainuka kwa magoti. Wakamwangusha. Mtu alimkanyaga vidole, kwa makini, mmoja baada ya mwingine.

"Mwacheni! Namjua! Si mwizi!" Angeline alipiga kelele mpaka koo likachanika. Alipenya katikati ya mapaja na viwiko, akapigwa kiganja, akapigwa kiwiko cha meno, akaendelea. Alipomfikia alijitupa juu yake. Mpini uliokuwa ukishuka haukuweza kuzuiwa. Ulimpata kwenye mtulinga, naye akausikia mfupa ukikatika ndani ya mwili wake kama kijiti kikavu.

Chini yake Nur alipumua kwa mapovu. Jicho moja lilikuwa limeharibika. Lile lingine lilimtambua. Lilimtazama yeye, kisha likapita juu ya bega lake hadi kwa Musimbi aliyesimama mlangoni pa mashine, mikono nyuma, kisha likarudi kwake. Hakukuwa na haja ya kueleza.

"Mama," Nur alisema. "Ulisema halitoki."

Walimtoa Angeline juu yake kwa kumburuta nywele. Jiwe lililommaliza Nur lilikuwa kubwa, jiwe la kuzuilia gurudumu, na lilihitaji watu wawili kuliinua.

Spana ilipatikana chini ya kiti cha dereva, mahali inapokaa katika kila lori. Hakuna atakayejua kama mkono wake ungeifuata.

Dahabo na watu wa msikiti walimzika Nur siku iliyofuata. Angeline hakuwepo. Alikuwa hospitalini akifungwa bega, na alipotoka mlango wa hospitali, makachero wawili walikuwa wakimngoja juani. Walikuwa na adabu mpaka gari lilipofungwa mlango.

Inspekta aliyemhoji alikuwa kijana mwenye suruali iliyonyoshwa vizuri. Hakutaka habari za mauaji. Kuhusu mauaji, alisema, wananchi wenye hasira walimuua jambazi, na faili limefungwa. Musimbi alikuwa amewaambia ni nani aliyemletea onyo, na sasa alitaka kujua marehemu alisema nini juu ya operesheni ya kaskazini. Alitaka kujua ni nani mwingine katika familia anayezungumza habari hizo.

"Alikuja kwangu kama mgonjwa," Angeline alisema. "Alichosema ni chake."

"Amekufa. Maiti haina siri."

Angeline alifumba macho. Kanuni zake mwenyewe hazikuwa na neno hata moja la kumpa hapo. Neno lililokuja lilikuwa la Jeconia, kutoka kwa watu wa mbali asiowajua: mteja akifa, siri yake haifi. Alilisema kwa sauti. Inspekta alimpiga kofi lililomgeuza shingo.

Walimvua viatu. Walimlaza juu ya benchi, mmoja akamkalia mgongoni, karibu na ule mfupa uliovunjika, na mwingine akampiga nyayo kwa kipande cha mpira wa maji. Maumivu hayakukaa miguuni. Yalipanda hadi nyuma ya macho. Kila baada ya mapigo inspekta aliinama na kuuliza kwa upole: "Dada yake je? Yule wa duka. Naye anasemaga hayo?" Na Angeline, ambaye siku chache nyuma alishindwa kuuzuia uso wake usimtaje Msomali, safari hii aliusokomeza uso kwenye ubao wa benchi ili wasiuone. Aliuma ubao. Alijikojolea. Alipiga kelele za kila namna, lakini hakuna kelele iliyokuwa jina.

Walimwachilia baada ya askofu kufika mwenyewe, na Jeconia nyuma yake, tai imelegea, mdomo umepasuka kwa sababu alikuwa ametangulia kuja peke yake na kudai kumwona. Alimbeba Angeline mgongoni hadi kwenye gari kama mtoto.

Alipoweza kukanyaga, Angeline alikwenda dukani kwa Dahabo. Alikwenda polepole, akishika kuta. Dahabo alikuwa akipanga masufuria. Alimwona, akasimama.

"Watu wanasema ulilala juu yake," Dahabo alisema. "Wanasema ulivunjwa mfupa kwa ajili yake. Na polisi hawakuja kwangu, kwa hiyo najua hukusema." Akachukua birika. "Lakini kuna kitu sielewi. Yule mzee alikuwa anamngoja. Vijana walikuwa tayari. Nani alimwambia?"

"Ni mimi," Angeline alisema.

Birika lilikuwa mkononi mwa Dahabo. Alilirusha kwa nguvu zake zote. Lilimpata Angeline juu ya nyusi na damu ikamfunika jicho. Hakuinua mkono kuifuta. Dahabo alizunguka meza, akampiga kifuani kwa ngumi zote mbili, akampiga tena, mpaka akachoka na kushika rafu ili asianguke.

"Alikuwa amesema atamuua," Angeline alisema. "Nilitaka asiuawe mtu yeyote."

"Na kwa nini hukumwambia Nur? Siku ile ya kwanza nilikuwepo mlangoni pako! Nilikusikia! Halitoki, ulisema. Ungemwambia, 'Nur, lolote nitalificha, lakini habari ya kuua sitaificha.' Si angejua? Angenyamaza. Au angekuja aniambie mimi. Mimi ningelala mlangoni, apite juu yangu!" Alivuta pumzi kama mtu anayezama. "Wewe ulimdanganya akafungua moyo, halafu ukaenda kumwambia yule sajini aliyemuua mdogo wetu, maana Nur hakuwa na mwingine wa kumuua. Toka. Toka kwa duka yangu."

Angeline alitoka. Tangu siku hiyo, wakikutana mjini, Dahabo alivuka barabara.

Jeconia alimshona ile nyusi mwenyewe, kwa mikono isiyozoea sindano. Alimwambia kwamba kwa mujibu wa kitabu chake hakuwa amekosea. Alikuwa ameona hatari na amemwonya anayetishiwa. Kila hatua ilikuwa sahihi.

"Nur amekufa kwa hatua sahihi," Angeline alisema.

"Na kwa kitabu chako?"

"Kwa changu mimi ni msaliti. Lakini kama ningekifuata, pengine ningekuwa namzika Musimbi, na Nur ananyongwa." Uzi ulipokatwa akainua kichwa. "Dahabo amesema jambo ambalo mimi na wewe tumebishana majuma mazima hatukulifikia. Tulibishana nani aambiwe baadaye. Hatukubishana anayekuja aambiwe nini kabla hajafungua mdomo."

Jeconia alikaa chini, akavuta karatasi.

Waliandika upya. Waliandika kwamba kila anayeingia ataambiwa kwanza, kwa lugha anayoielewa, lipi litafichwa na lipi halitafichwa. Kwamba siri ikilazimika kutolewa, mwenyewe ataambiwa kabla ya mtu mwingine yeyote, uso kwa uso, hata kama atakasirika na hata kama atapiga. Kwamba haitapelekwa mahali ambapo mwenyewe atateswa. Sentensi hiyo ya mwisho iliifanya kamati kutazamana. Mchungaji mmoja alisema ni siasa, itatuletea balaa, ifutwe. Mwingine alisema watu wakitishwa hivyo mlangoni hakuna atakayezungumza tena, kituo kitafungwa. Angeline alisimama, bega moja likiwa chini kuliko lingine, na akasema kama sentensi inafutwa, na yeye afutwe. Waliiacha, ila walibadilisha neno "atateswa" wakaweka "atadhurika".

Watu walipungua kweli. Wapo waliosikiliza yale maneno ya kwanza, wakashukuru, wakaondoka na mambo yao.

Kisha akaja mwanamke kutoka Moiben, jina lake Benta, shingo imefungwa kitambaa. Alipokifungua ngozi ilikuwa imebambuka kuanzia sikio hadi titi. Mafuta ya kupikia, alisema, na hayakumwagika yenyewe. Angeline alimmiminia chai. Kisha, kabla Benta hajaendelea, alimweleza. Alisema yote, polepole. Alisema kwamba akisikia mtu anataka kuua, hatanyamaza, lakini atamwambia yeye kwanza.

Benta alisikiliza. Akafunga kitambaa chake. Akainuka, akafika mlangoni, akasimama huko akitazama nje kwa muda mrefu. Angeline hakumwita. Alihisi mtulinga wake ukimuuma na akauacha uendelee kuuma.

Benta akarudi akakaa.

"Ninachotaka kumfanyia aliyenimwagia, hicho sitakuambia leo," alisema. "Lakini alichonifanyia naweza kusema?"

"Sema," Angeline alimwambia, akasogeza kiti.